IEK, EBK ama vyama vya nje: injinia anayeanza Nairobi aanzie wapi?

Mjengo_Ruiru

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie na hii maneno ju imenisumbua tangu Januari. Nilisoma sivil miaka mitano, nikamaliza mwaka juzi, na saa hii niko kwa mjengo wa flati za ghorofa saba huku Ruiru. Kazi yangu ni kusimamia mafundi, kukagua vyuma kabla slabu imwagwe na kujaza ripoti ya siku. Bosi wangu ni kontrakta wa miaka mingi, kazi anaijua sana, lakini yeye si injinia aliyesajiliwa kwa hivyo hawezi kunisainia kitu. Waliotutangulia kampasi washaanza kuitwa "Eng." kwa kadi za harusi na mamangu ananiuliza yangu inakuja lini.

Sasa kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema lipia EBK, ile Bodi ya Wahandisi, kwanza, mwingine anasema IEK, chama cha wahandisi wa Kenya, ndio ya maana, mwingine ananiambia niachane na za hapa nijiunge na ASCE, chama cha wahandisi wa sivil wa Marekani, ju kadi yake inajulikana kila mahali. Mshahara nikitoa kodi ya nyumba, nauli na ile natuma nyumbani unabaki mdogo, siwezi lipia zote tatu. Nianzie wapi? Na hii mikutano yao ya hapa Nairobi inamsaidia mtu kikazi kweli ama ni ya watu wazima wanaojuana tu? Sina ubaya na mtu, nauliza nijue.

Injinia_wa_Maji

Karibu kijana, umeuliza swali zuri na umeuliza mapema, wengi wanauliza wakiwa na miaka minane kazini.

Kwanza tofautisha hizo mbili. EBK ni Bodi, imewekwa na sheria, ile Sheria ya Wahandisi ya 2011, ndiyo inasajili na kutoa leseni, na ndiyo inaweza kukupeleka kortini ukijiita injinia bila kusajiliwa. IEK ni chama chetu sisi wenyewe, kimekuwepo tangu 1972 na mizizi yake inarudi hadi chama cha wahandisi wa Afrika Mashariki cha 1945. Bodi inakulinda wewe mwananchi unayelala kwa hizo flati, chama kinakukuza wewe unayezijenga. Na usidhani ni ama hii ama ile, ju sheria yenyewe inasema ndio usajiliwe kama injinia kamili lazima uwe umesajiliwa kwanza kama injinia mhitimu, uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3, upite mtihani wa Bodi, na uwe mwanachama kamili wa IEK. Kwa hivyo jibu la pesa ni hili: EBK kama mhitimu, mwezi huu kama unaweza, halafu IEK gredi ya wahitimu ukipumua kidogo. Ya Marekani itangoja.

Lakini kuna kitu kinaniuma kuliko ada. Umesema bosi hawezi kukusainia. Hapo ndipo vijana wengi hukwama, na hapo ndipo mikutano ya chama inasaidia. Utakapoomba uanachama kamili utaandika ripoti ya kazi zako na utahitaji mainjinia waliosajiliwa wakuthibitishe, na mtu hawezi kukuthibitisha kama hajawahi kukuona ukifanya kazi ama hata ukiongea juu ya kazi. Hapa Nairobi kuna tawi la Capital. Nenda mara ya kwanza ukae nyuma, mara ya pili uulize swali moja, mara ya tatu kuna mtu atakuuliza wewe unajenga nini. Mimi ndivyo nilivyompata aliyenilea, tulikuwa tunangojea lifti baada ya mhadhara wa mabwawa, nikamwambia niko bwawa la Ndakaini kwa atachmenti, akaanza kunihoji papo hapo, na hakuniachilia miaka minne.

Anza daftari la kazi zako leo, litakusaidia na hio ripoti. Usiandike "nilisimamia kazi ya zege", hio haisemi kitu, hata mpita njia amesimama akaangalia zege. Andika hivi: "Jumanne tumemwaga slabu ya ghorofa ya pili, zege la daraja 25. Slampu (kipimo cha ulaini wa zege) tuliyotaka ni milimita 75, miksa mbili za kwanza zishamwagwa kabla sijapima, ya tatu nikapima ikatoka 140, nikagundua kijana wa mashine anaongeza maji ndio zege iteremke haraka. Nikasimamisha, nikachukua kyubu sita (vipande vya zege vya kuvunjwa kupima nguvu) za pale palipomwagwa. Siku ya 7 tatu zikavunjika kwa 14 tu, na daraja letu ni 25, nikamwandikia kontrakta propu (nguzo za kushikilia slabu) zisitolewe mpaka tuone zile tatu za siku ya 28." Umeona? Mtu akisoma hio anajua ulijua nini, uliona nini, na uliamua nini. Hicho kitu cha kuamua ndicho wanatafuta kwa mahojiano.

StimaNaWaya

Naongezea upande wa vyama vya nje ju mimi niko IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa stima na elektroniki, miaka sita sasa, ni wa stima. Hawa wako na seksheni ya Kenya, na sisi tunahesabiwa kwa Rijini ya 8, Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika pamoja. Kitu hawakuambianga ni kwamba kwa nchi zenye kipato cha chini kuna bei ya chini sana, unapata kila kitu kwa mtandao bila majarida ya karatasi, na nusu ya mwaka bei hushuka tena. Mwanafunzi pia analipa kidogo. Kwa hivyo msiogope kabla hamjauliza.

Mimi sikupata kazi kwa kadi, naomba nieleze vizuri. Nilikuwa nimetuma sivii sehemu karibu arobaini, kimya. Kukawa na jioni moja ya kundi la vijana wa IEEE, ilikuwa kampasi fulani hapa mjini, wakasema leteni sivii zenu zimechapishwa. Dada mmoja wa kampuni ya sola akachukua yangu, akaisoma kama nimekaa hapo mbele yake, akachukua kalamu akakata ukurasa wote wa kwanza. Wote! Nilikuwa nimeandika mimi ni mchapakazi, napenda kujifunza, naweza fanya kazi chini ya presha. Akaniuliza umewahi kuunganisha nini kwa mikono yako. Nikamwambia mfumo wa paneli nane kwa kliniki ya kijijini Kitui, inveta ilikuwa inajizima saa saba mchana nikakuta waya waliotumia ni mwembamba, volti inapanda kwa laini. Akasema hio ndio mstari wa kwanza. Niliandika upya usiku huo. Wiki tatu baadaye nikaitwa mahali pawili, na hakuna hata mahali pamoja ambapo yule dada alikuwa anafanya kazi, ni vile tu sasa mtu alikuwa anaona nimefanya nini.

Kwa wasichana wanaosoma hapa, IEK wana kamati ya wanawake wahandisi na IEEE wana kundi la wanawake pia, tafadhali ingieni. Kuna maswali kama ya usalama wa saiti usiku, ama mjamzito anapanda jukwaa la ujenzi vipi, ambayo huwezi kuuliza mbele ya fomeni wako na hapo unajibiwa na mtu aliyepitia.

Kilimani_254

Mimi nitasema ukweli wangu. Nililipa chama miaka miwili na sikupata kitu isipokuwa barua pepe. Na kosa halikuwa lao, sikuwahi kwenda hata siku moja, nilikuwa nangoja kazi inifuate kwa simu. Kama hutaenda usilipe, tumia hio pesa kwa nauli.

Lakini nimekuja kwa hii maneno ya daftari ju iliniumiza. Nilifanya kwa kampuni moja hapa mjini miaka mitatu na miezi minne, barabara za mtaani, mitaro, kalvati. Daftari nilikuwa naandika, vizuri kabisa, lakini nilikuwa nangojea nikusanye mwaka mzima ndio injinia wetu asaini pamoja. Yule injinia akahama nchi. Aliyekuja akasema hawezi kusaini kazi ambayo hakuiona, na mkisema ukweli alikuwa na haki. Nikatoka, nikaomba ofisi barua tu ya kusema nilikuwa hapo, nikazungushwa miezi saba. Miaka yangu mitatu ikawa kama sikuifanya. Saini ichukuliwe kila mwisho wa mwezi, hata mkiwa mmekosana, hata akiwa na haraka, mngoje kwa mlango wa gari. Na piga picha kila ukurasa uhifadhi pahali tofauti. Naandika hii nikiwa na uchungu bado.

Injinia_wa_Maji

Pole sana Kilimani. Kama kuna mkaguzi ama mshauri wa mradi aliyewahi kuja kwa hizo barabara, mtafute, minuti za mikutano ya saiti zina jina lako na lake. Si zote zimepotea. Nitumie ujumbe pembeni tuangalie pamoja.

FundiMitambo

Wadau msitusahau sisi wa diploma. Kuna vijana wanakuja hapa wanaenda EBK wanarudishwa wanakata tamaa, kumbe walikuwa wamegonga mlango usio wao. Mafundi sanifu na wanateknolojia tuko na bodi yetu, KETRB, chini ya sheria ya 2016. Mimi nimesajiliwa huko, na mihadhara ya IEK ambayo iko wazi naenda na hakuna siku nimefukuzwa. Mwezi wa tatu tarehe 4 ni siku ya uhandisi duniani, ile UNESCO walitangaza 2019, mwaka uliopita tulienda shule moja ya msingi Kayole kujenga madaraja ya vijiti na watoto. Kuna mtoto wa darasa la sita daraja lake lilibeba matofali matatu, nikamuuliza mbona umeweka pembetatu akasema "mraba unalala ukisukumwa, hii hailali". Sijui kama kuna mkutano umewahi kunifurahisha kama huo. Na siku hio kwa basi nilikaa na meneja wa warsha moja, ndio niko kwake sasa.

Mjengo_Ruiru

Asanteni sana, kweli sikutarajia majibu ya namna hii. Nimeenda Transcom, kwa ofisi za EBK, leo saa ya lanchi nikaulizia fomu za mhitimu wa EBK, si ngumu venye nilikuwa nafikiria, stakabadhi nyingi ninazo isipokuwa nakala za shahada zilizothibitishwa na wakili. Daftari nimeanza jana.

Swali moja limebaki. Injinia wa Maji umesema kyubu na slampu. Kwa saiti yetu hatuna koni ya slampu, hatujawahi kupima, fomeni anaangalia kwa macho. Nikianza kuandika ukweli kwa daftari si nitakuwa naandika makosa yetu wenyewe?

Injinia_wa_Maji

Ndio, utakuwa unaandika makosa yenu, na uyaandike. Koni si kitu cha bei, ni bati la sentimita 30 kwenda juu, unajaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unadunga na chuma mara 25, unainua polepole unapima limeshuka kiasi gani. Dakika tano. Mwambie kontrakta wako kwa heshima, faragha, si mbele ya mafundi, kwamba kuna slabu bado hazijamwagwa na ungependa zege lake lipimwe. Akikubali, hio ni kurasa mbili nzuri sana za daftari lako. Akikataa andika tarehe, ulichomwambia na alichojibu, halafu nipigie kabla hiyo slabu haijamwagwa, usingoje mwisho wa mwezi. Watu watalala chini yake.

Mkutano ujao wa tawi nitakuwa mlangoni. Njoo na hilo daftari hata kama lina kurasa nne tu.

Mjengo_Ruiru

Nitakuja. Koni nimeiona Kirinyaga Road leo, naichukua Jumamosi na pesa yangu.