Picha ya mwindaji na mnyama wake: ibaki ukutani au ishushwe?

Mwenye mada

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na wote mnaosoma kutoka kwingine, karibuni kwenye ugomvi wetu. Nimechoka kuujibu mtu mmoja mmoja njiani.

Kisa ni hiki. Sisi ni kikundi cha watu wanaopenda kupiga picha bila kulipwa: kuna walimu, fundi baiskeli, wanafunzi, na papa mmoja, yaani mzee, mstaafu wa migodi. Tulitundika picha zetu katika ukumbi mmoja wa Kamalondo. Nyingi zilipita bila neno. Moja imetugawa.

Imepigwa na kijana mmoja wetu, asubuhi, njia ya Kasenga. Mwanaume amesimama na baiskeli yake, gobori begani. Nyuma ya baiskeli, pale wengine hufunga magunia ya makala (mkaa), amefungwa paa mdogo, miguu minne pamoja, kwa kamba ya gome la mti. Ulimi wa mnyama umetokeza upande. Kwenye madigadi kuna damu iliyokwisha kukauka, na nzi mmoja ametua juu yake. Yule bwana hacheki wala hajanuna. Anatazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya kadi ya kura.

Mgeni mmoja alitaka ishushwe papo hapo: eti tunatangaza ujangili. Mwingine akajibu kwamba ndiyo picha pekee yenye ukweli ukumbini, nyingine zote ni maua na machweo. Papa wetu mstaafu, ambaye anashika masharti kuliko sisi sote, akaleta hoja ya tatu. Alisema kwa masharti ya FIAP, shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha, picha ya kundi la maumbile haitakiwi kuonyesha binadamu wala vitu vyake, isipokuwa pale ambapo vitu hivyo ni sehemu ya maisha ya mnyama mwenyewe, kama korongo waliozoea kujenga viota juu ya majengo ya watu. Kwa hiyo, alisema, kosa letu ni kuiweka ukuta wa maumbile. Ihamishiwe ukuta wa maisha ya watu, mjadala umekwisha.

Haukwisha, ndiyo maana niko hapa. Msimamo wangu nautoa mapema: damu hainisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni uso wa yule bwana. Lakini semeni ninyi kwanza.

Mwanafunzi wa sheria, Kasapa

Mnaongea sanaa, mimi naongea kifungo. Sheria ya Kongo ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inamtaka anayewinda awe na kibali, na kuna majira ambayo uwindaji unafungwa. Ikaja ile ya tarehe 11 Februari 2014 ya uhifadhi wa maumbile, ambayo haichezi na anayekamatwa ndani ya eneo lililohifadhiwa. Sasa niambieni, mtu wa kijijini mwenye gobori la kufuliwa na mhunzi anakwenda ofisi gani kuomba kibali? Wengi hawana karatasi yoyote. Picha hiyo ina uso, ina silaha, ina mnyama, ina barabara inayojulikana. Rafiki yenu amemwandalia mtu PV, karatasi ya mashtaka ya polisi, na kuitundika ukutani, wageni wanaiangalia na soda mkononi.

Muluba wa Katuba

Mdogo wangu wa sheria, pole kwa masomo, lakini punguza. Sisi Waluba ufalme wetu tunauhesabu kutoka kwa mwindaji. Mbidi Kiluwe alitoka mashariki na upinde wake akamkuta Nkongolo Mwamba, mfalme mlevi aliyekula hadharani mbele ya kila mtu, akamwonyesha adabu za kitawala. Mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyeichukua nchi. Wachokwe nao wamemchonga Chibinda Ilunga, mwindaji, ameshika bunduki na fimbo, na museo za Ulaya zinamweka ndani ya kioo na taa juu yake. Huyo wa kioo ni sanaa. Huyu wa baiskeli ni jangili. Nani aliyewafundisha kutenganisha hivyo?

Tena tuseme kweli. Nyama ya pori inaingia mjini kila siku ya Mungu. Mnaipenda ikiwa imekaushwa kwa moshi, imekatwa vipande, haina macho, inangoja bukari, ugali wetu. Picha imewaonyesha macho tu, basi mmepiga kelele.

Mama wa watoto wanne

Mimi sina ugomvi na mwindaji. Naomba tu picha kama hizo zipandishwe juu kidogo, au ziwekwe chumba cha ndani. Mtoto wangu wa mwisho alisimama mbele ya ile ulimi akaniuliza kama mbuzi wetu naye atafungwa hivyo. Nikamwambia ndiyo, siku ya sikukuu. Lakini ningependa niulizwe kwanza kabla sijalazimika kujibu.

Mpenda albamu za zamani

Papa wa Katuba, swali lako la nani alitufundisha lina jibu, na liko kwenye albamu.

Kuna namna moja ya kupiga picha ya windo ambayo ililetwa hapa tayari imekamilika. Mzungu amepiga goti nyuma ya mnyama. Bunduki imelazwa juu ya mzoga. Kichwa kimeinuliwa na kupanguswa damu, kamera imeshushwa chini ili pembe zionekane ndefu. Pembeni wamesimama wabeba mizigo, na chini ya picha limeandikwa jina la mpigaji risasi na jina la mnyama. Wabeba mizigo hawana jina. Bunduki na kamera viliingia nchi hii ndani ya mzigo mmoja.

Mkitaka mfano, uko kwa ndugu zetu wa Kivu. Mwaka 1902 kapteni Mjerumani, Robert von Beringe, aliwapiga risasi magorila wawili kwenye mlima Sabyinyo, na mpaka leo gorila wa milimani anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1921 akaja Carl Akeley, Mmarekani, kuua gorila kwa ajili ya museo ya New York. Huyu alikuja pia na kamera ya sinema aliyoibuni mwenyewe, akawapiga filamu wakiwa hai. Yaliyofuata hayakutarajiwa: yeye ndiye aliyekwenda kushawishi wanyama wale walindwe, na mwaka 1925 mfalme Albert I wa Ubelgiji akaunda parki ambayo leo tunaiita Virunga, ya kwanza ya aina yake Afrika. Akeley alifariki mwaka uliofuata, kaburi lake liko kwenye mlima Mikeno, humo humo. Parki hiyo nzuri ilizaliwa na mtu mwenye damu mikononi. Wenyeji waliokuwa wakiwinda humo kwa chungu cha jioni ndio walioambiwa wao ni majangili.

Halafu kumbukeni Cecil, simba wa Hwange, Zimbabwe, Julai 2015. Daktari wa meno kutoka Marekani alimuua, na picha zake za zamani, akitabasamu na wanyama wengine aliowaua, zikazunguka dunia nzima. Watu walikasirika mno. Mwisho wake? Serikali ya Zimbabwe ikasema karatasi zake zilikuwa sawa, hakushtakiwa. Mwenye dola elfu hamsini za kulipia windo huwa ana karatasi. Linganisheni na bwana wetu wa Kasenga kama mwanafunzi wa sheria alivyomweleza.

Mwana wa mji huu, Sammy Baloji, amefanya kazi kubwa ya kuzitoa picha za kikoloni kwenye makabati na kuzipanga upya ili tuone nani alikuwa amesukumwa pembeni. Mimi naiona picha ya kijana wetu katika mstari huo. Ni kama mbeba mizigo wa zamani amesogea katikati ya picha. Iacheni.

Dada wa mlinzi wa parki

Nimesoma yote na nimekasirika kidogo, mtanisamehe.

Mnamzungumzia mwindaji kana kwamba ni mmoja tu na ana baiskeli tu. Kaka yangu analinda Upemba. Parki ile ni ya mwaka 1939, ni kubwa kuliko mnavyofikiri, na ndimo walimobaki pundamilia wa mwisho wa nchi hii. Wakiisha wale, watoto wenu watawaona kwenye pipi. Walinzi wanakufa kule kwa risasi, na wanaowapiga hawatumii gobori la mhunzi.

Sisemi picha ya mnyama aliyekufa ni haramu. Julai 2007 gorila Senkwekwe aliuawa Virunga pamoja na wenzake. Brent Stirton alipiga picha ya watu wengi wamembeba kwenye machela ya miti, wanapanda nao kilima. Mzoga umejaa picha nzima. Hakuna aliyesema ni chafu, kwa sababu ukiitazama hujui kumpongeza nani; unaona uzito tu na mabega ya watu. Na kamera inaweza kuwa silaha ya mlinzi. Rodrigue Katembo, aliyekuja kuwa mkuu wa Upemba, alificha kamera akarekodi watu wakitoa hongo kwa ajili ya mafuta ya Virunga, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira. Picha hizo zilimgharimu usalama wake.

Sasa picha ya kijana wenu. Swali langu ni moja: inamfundisha nini mtoto wa miaka kumi na sita anayetafuta "likes"? Kwamba njia rahisi ya kupata macho ya watu ni kusimama na mnyama aliyekufa. Kama mnataka ukweli wa pori, mbona hakuna aliyeleta picha ya waya? Mitego ya waya za breki na za umeme inaua kuliko magobori yote. Haichagui dume wala jike mwenye mimba, na mnyama anaozea pale kama mwenye mtego hakurudi. Haina uso, haina hadithi ya Mbidi Kiluwe. Haipendezi ukutani, ndiyo maana hamuipigi.

La mwisho, la kiufundi, kwa vijana. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, alama hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, inafika nazo zote. Afrika Kusini kuna hifadhi zimebandika matangazo kuomba wageni wazime kipengele hicho, kwa kuwa majangili wa pembe za kifaru husoma picha za watalii. Hapa kwetu kinaweza kumpeleka jangili kwa mnyama, au askari kwa mlango wa mtu. Mmekizima?

Aliyepiga picha

Yaya zangu, papa zangu, nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Mimi sikumvizia yule bwana. Nilikuwa nimesimama napiga picha za ukungu, yeye akapita, akarudi, akaniuliza kama kamera yangu inatoa picha za karatasi. Akataka moja ya kumpelekea baba mkwe. Nilipoinua kamera akaniambia ngoja. Akashuka, akafuta matope kwenye buti, akageuza kichwa cha paa kitazame mbele. Yeye mwenyewe. Kwa hiyo mwenzangu wa albamu, lile pozi unalosema ni la wazungu, mimi nililipewa na mtu wa Kasenga bila kuliomba.

Picha za waya nitazitafuta. Dada, hapo umenipata.

Mpenda albamu za zamani

Hilo la kugeuza kichwa linabadilisha mengi. Si lazima awe ameiga mtu, anayejivunia kitu hukigeuza kionekane. Lakini siwezi tena kusema picha hii inazijibu albamu za zamani. Labda imekaa nazo meza moja.

Mwanafunzi wa sheria, Kasapa

Mimi nasikia jambo jingine. Aliomba picha ya baba mkwe. Hakuomba Kamalondo. Kukubali kupigwa picha ni kitu kimoja na kukubali kuonyeshwa kwa mji mzima, wakiwemo watu wa leta, yaani wa serikali, ni kitu kingine. Na je, ile karatasi aliyoomba, ameshaipata?

Muluba wa Katuba

Leo nimekubaliana na mtoto wa Kasapa. Andikeni tarehe.

Mwenye mada

Hajaipata bado. Nimemuuliza kijana.

Basi hili ndilo ninaloliweka mezani. Picha inatolewa ukutani mpaka yule bwana aione ikiwa imechapwa, mkononi mwake, na aelezwe kwa Kiswahili cha kawaida itakaa wapi na nani ataiona. Kijana anakwenda Kasenga na nakala mbili, moja ya baba mkwe. Akikataa, imekwisha. Akikubali, inarudi kwenye ukuta wa maisha ya watu kama papa wetu anavyotaka, juu ya macho ya watoto kama mama alivyoomba, bila jina la kijiji, na haiingizwi kwenye shindano lolote. Kwenye simu haitumwi kabisa. Siku ikirudi, pembeni yake iwepo picha ya mtego wa waya, hata kama ni mbaya.

Dada wa mlinzi atasema bado inamfundisha vibaya kijana wa miaka kumi na sita. Huenda ni kweli. Lakini kijana huyo tayari anaona simba waliouawa kwenye simu yake, wenye kuwaua wakitabasamu, na hapa walau atakuwepo mtu mzima wa kumwambia anachokitazama.

Anayetaka bado ishushwe hata kama mwenyewe amekubali, aandike hapa chini anaishusha kwa ajili ya nani: paa, mtoto, au yule bwana. Matusi nitayafuta.