Naomba ushauri: fokasi inaangukia nyuma ya uso

Habari zenu wadau. Napiga picha za harusi hapa Nairobi na kamera yangu ya DSLR (ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) imeanza kunitesa. Nikitumia lenzi ya 85mm kwenye f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, na kulenga jicho la bibi harusi, jicho linatoka na ukungu ila hereni na nywele za nyuma zinatoka kali. Ajabu, nikilenga kwa skrini badala ya kutazama kwenye kitundu cha kuchungulia juu ya kamera, picha ni safi. Lenzi ya 50mm haina shida hiyo.

Nimesafisha vile vidoti vya dhahabu vinavyounganisha lenzi na kamera, nikatumia pointi ya fokasi ya katikati pekee, kisha nikapiga picha ya rula iliyolazwa mshazari, kamera ikiwa kwenye tripodi. Bado fokasi inaenda nyuma. Fundi mmoja mjini anataka kuifungua kamera, mimi sijashawishika.

Menyu ina marekebisho ya fokasi kwa kila lenzi, -20 hadi +20. Je, nikienda upande wa hasi ndipo fokasi itasogea mbele, yaani kuja upande wa kamera? Na nipime kwa umbali gani, ule wa picha za uso au zaidi? Jumamosi nina harusi mtaani Karen, hata jibu fupi litanifaa.