Naomba ushauri: klabu ya sayansi ijenge mfano wa maabara tuli au wa gari la kuchunguza sayari?

Mwalimu wa Milimani (mwanzisha uzi)
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mbeya na ninalea klabu ya sayansi. Mwisho wa muhula tunatakiwa kuwaonesha wazazi mfano wa chombo cha kuchunguza sayari ya Mirihi, na wanafunzi wamegawanyika: wapo wanaotaka maabara tuli, yaani chombo kinachotua na kubaki palepale, na wapo wanaotaka gari la magurudumu sita. Fedha tuliyochanga inatosha mfano mmoja tu. Mimi naelekea kwenye gari, kwa kuwa gari la Mirihi liitwalo Opportunity lilitembea zaidi ya kilomita 45 kuanzia 2004 hadi 2018, ilhali maabara tuli mbili za Viking zilizotua huko 1976 zilichota udongo wa pale mkono wao ulipofika tu. Lakini binti mmoja wa kidato cha pili ameniuliza kwa nini basi waliendelea kupeleka vyombo visivyotembea, na sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Bwana Shamba
Mwalimu, heshima kwako. Mkulima wa huku Uyole akiniletea udongo wa kona moja, majibu nitakayompa ni ya kona ile, si ya shamba zima. Ndiyo maana nami naunga mkono gari. Spirit, gari pacha la Opportunity, lilipoharibika gurudumu moja la mbele likawa linaliburuza, na mwaka 2007 mfereji ulioachwa na gurudumu hilo ukafichua udongo mweupe wenye silika nyingi (madini yanayounda mchanga na kioo), ishara ya maji ya moto au mvuke wa kale. Sisi tulioziona chemchemi za moto za Songwe tunaelewa uzito wa jambo hilo. Chombo kilichosimama mita mia moja kutoka hapo kisingelijua kamwe.

Mama Rungwe
Mwalimu, naomba nitofautiane na Bwana Shamba, kwa sababu binti huyo ameuliza swali la msingi. Ipo kazi inayotaka utulivu. InSight, maabara tuli ya Mirihi, ilitua Novemba 2018, ikakishusha kipima tetemeko chake ardhini kwa mkono wake, kisha ikakifunika ili upepo usikisumbue. Ilisikiliza kwa miaka minne na kunasa matetemeko zaidi ya 1,300, likiwemo la tarehe 4 Mei 2022 lenye ukubwa wa 4.7, na mawimbi hayo ndiyo yaliyowawezesha wanasayansi kukadiria unene wa ganda la Mirihi na ukubwa wa kiini chake. Gari linalohamahama, lenye mota zinazotetemesha mwili wake, lisingeifanya kazi hiyo. Ongeza sayari ya Zuhura: Venera 13, chombo tuli cha Wasovieti, ilidumu dakika 127 mwaka 1982 katika joto la nyuzi zaidi ya 450, na kwa muda huo ni heri kupima ulipotua kuliko kutafuta njia. Waulize wanafunzi wanataka kujua nini kuhusu Mirihi, kisha chombo kifuate swali.

Bwana Shamba
Mama, hapo umenigusa. Nimezoea udongo wa juu, nikasahau kilicho chini.

Mwalimu wa Milimani
Nawashukuru sana. Leo nimewauliza, na wengi wametaka kujua ndani ya Mirihi kuna nini, pengine kwa kuwa tunaishi kwenye Bonde la Ufa na mitetemo tunaifahamu. Tutajenga maabara tuli yenye jiwe linaloning'inia kwenye springi, na kalamu itakayochora kwenye karatasi inayozunguka. Mama Rungwe, jiwe la kilo mbili litatosha, au springi italegea?