Muvi za kutisha za miaka hii: hofu yenyewe inatengenezwa vipi?

mtaa_wa_pili:

Wadau, habari zenu.

Kila ukiomba muvi ya kutisha unapewa majina kumi na "hii noma sana", basi. Naomba kitu tofauti. Taja moja au mbili za kuanzia miaka ya 2000 kuja huku, halafu tuambie sini ipi inatisha na imefanywa nini mpaka ikatisha: kamera ilikaa wapi, sauti ilikuwaje, kipi kilifichwa. Damu na matumbo tuyaweke pembeni, hayo yanachefua tu. Atakayefichua mwisho aseme mapema.

Lenzi Pana:

Naanza na It Follows (2014) ya David Robert Mitchell, iliyopigwa Detroit. Kanuni yake ni nyepesi: kuna kitu kinakufuata. Kinatembea, hakikimbii, kinaweza kuvaa sura ya mtu yeyote, na hakichoki. Ukipanda gari ukaenda mbali, umenunua muda tu.

Sasa angalia Mitchell alivyoitumia. Picha zake nyingi ni pana: mhusika yuko katikati, nyuma yake kuna uwanja, barabara au korido iliyo wazi, na hakuna anayekuelekeza utazame wapi. Basi unajikuta umeshika zamu ya ulinzi. Yule mpita njia kule mwisho, ni mpita njia kweli? Kuna sini ya shuleni, Jay, binti anayefuatwa, na jirani yake Greg wameenda kuulizia kijana aliyemdanganya Jay jina lake. Kamera inazunguka taratibu duara zima. Inapopita dirishani, nje kuna mtu kwa mbali anakuja. Inazunguka tena, dirisha lile lile, mtu amesogea, na mwendo wake umenyooka kuja kwao. Hakuna muziki wa kushtua na wahusika wenyewe wala hawana habari. Aliyeona ameona.

Hereditary (2018) ya Ari Aster inafanya jambo hilo hilo kwa kutumia kiza. TAHADHARI, hapa nafichua. Karibu na mwisho Peter anaamka usiku kitandani, chumba kimefifia, picha imetulia. Juu kabisa, kwenye kona ya ukuta nyuma yake, mama yake amejibandika kama mjusi. Aster hakati kwenda karibu wala hapandishi muziki. Anaiacha picha mpaka macho ya mtazamaji yazoee kiza na yamwone yenyewe, ndiyo maana ukumbini watu huguna kwa zamu, si kwa pamoja. Na vile vyumba vya ndani vilijengwa studio huko Utah, kuta zikiwa za kuondoleka, ili kamera irudi nyuma kuliko chumba cha kawaida kingeruhusu. Familia nzima inaonekana kama imewekwa ndani ya vijumba vidogo vya mfano, ambavyo kuvitengeneza ndiyo kazi ya mama huyo.

Kwa wanaopiga filamu wenyewe: kinachoharibu ni mhariri kukosa subira. Kivuli kimewekwa nyuma vizuri, halafu anakata kwenda karibu na kupiga violini. Ameshamwambia mtazamaji "tazama hapa", ile kazi ya kutafuta amempokonya. Weka kamera kwenye stendi. Mhusika achukue theluthi moja ya fremu, mlango au korido ichukue zilizobaki. Ondoa muziki wote, kaa sekunde 10 mpaka 15 kabla ya kukata. Na muhimu kuliko yote: fremu hiyo hiyo ionekane mara mbili tatu mapema ikiwa tupu, kusitokee chochote. Bila hizo tupu, ile yenye kitu haina meno.

Paranormal Activity ya Oren Peli iliishi kwa fomula hiyo. Kamera moja ya stendi chumbani, mlango wazi pembeni, saa kwenye kona ya picha. Saa inakimbia, inakimbia, ghafla inarudi kwenye mwendo wa kawaida, na hapo kila mtu anajua zamu imefika. Ilipigwa nyumbani kwa Peli mwenyewe, San Diego, kwa dola 15,000 hivi, ikaja kuingiza zaidi ya milioni 190.

ngurumo_kavu:

Mkuu Lenzi Pana umenena, ila humu ndani naona vya kushtukiza vinadharauliwa bila kesi kusikilizwa.

Kumshtua mtu ni rahisi, hilo nakubali. Sauti kubwa ya ghafla inafanya kope zipepese ndani ya muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla akili haijajua ni nini. Hata mlango ukibamizwa na upepo unaruka. Kwa hiyo usipime ule mruko, pima dakika zilizoutangulia.

Chukua The Conjuring (2013) ya James Wan. Mapema, mchana kweupe, watoto wanacheza: aliyefungwa kitambaa machoni anawatafuta wenzake na anaruhusiwa kuomba makofi matatu. Kanuni umeshafundishwa bila kujua kwamba unafundishwa. Baadaye mama yao, Carolyn, anajikuta amefungiwa usiku kwenye stoo ya chini, taa inakufa, anabaki na kiberiti. Sasa una njiti moja, na njiti ina muda wake. Fremu inambana yeye na ule mwanga mdogo, kando ya uso wake kuna weusi mtupu. Mikono inatokea kwenye weusi huo, inapiga makofi.

Ona vilivyotumika. Mlio ni makofi, sauti ya ndani ya hadithi, si ngoma iliyobandikwa na mhariri. Mikono imetoka sehemu ambayo jicho lilikuwa limeshaikagua na kuipitisha. Na imekuja baada ya kilele ulichokitegemea, siyo juu yake. Marekani waliipa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima), na damu yenyewe ni ya kutafuta.

Makosa sasa. Mwaka 1942, kwenye Cat People, mwanamke anatembea usiku akihisi kufuatwa, unasikia mlio kama wa chui, kumbe ni basi linafunga breki mbele yake. Watu wa sinema mpaka leo wanaita mbinu hiyo "basi la Lewton", kwa jina la mtayarishaji Val Lewton. Pale ilikuwa mpya. Leo muvi moja inakupa paka kabatini, rafiki anayekugusa bega, ndege dirishani, vyote ndani ya nusu saa. Mwili unazoea upesi. Ukifika mzuka wenyewe, mtazamaji amebaki na mapigo ya moyo ya kawaida.

Fundi Masikio:

Hapo pa sauti ya ndani ya hadithi umegusa penyewe. Niongezee.

A Quiet Place (2018) ya John Krasinski watu wanaiita muvi ya kimya. Si kimya kimoja, kimya chake kina ngazi. Viumbe ni vipofu, vinawinda kwa masikio. Binti, Regan, ameigizwa na Millicent Simmonds ambaye ni kiziwi kweli. Tukiwa upande wake na kifaa chake cha sikioni kikiwaka, tunasikia mvumo mdogo wa chini. Kikizimwa, sauti yote inakatika, inabaki sifuri. Kwenye muvi ya kawaida sifuri haipo: hata "kimya" kina upepo, friji, wadudu. Erik Aadahl na Ethan Van der Ryn waliotengeneza sauti walipoondoa na hivyo, ukumbini mtu akaanza kusikia pumzi ya jirani yake na kuona haya kutafuna bisi.

Halafu ule msumari. Mama anapandisha mfuko wa nguo ngazini, mfuko unanasa, anavuta, msumari unasimama wima. Yeye hajauona, sisi tumeuona. Toka dakika hiyo kila mguu unaokanyaga ngazi ile ni mateso, na mkandarasi wa mateso hayo ni wewe mwenyewe.

Kuhusu mayowe: mwaka 2010 Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mtu wa tabia za wanyama, alichapisha na wenzake uchambuzi wa sauti za filamu zaidi ya 100. Walikuta filamu za kutisha zimejaza mayowe yaliyopasuka, yaani sauti iliyozidiwa nguvu mpaka ikakwaruza, kama mnyama anavyolia akishikwa. Violini ikibanwa upinde kupita kiasi inatoa mkwaruzo wa jamii hiyo. Kwa hiyo ukirekodi yowe usilisafishe likawa laini. Na usitegemee ukubwa wa sauti, tegemea tofauti. Shusha sauti ya mazingira taratibu kwa sekunde 5 mpaka 8 kabla ya tukio, mtu asijue kwamba imeshuka. Muziki ukiwa juu tangu mwanzo, bomu lako halina pa kulipukia.

mtaa_wa_pili:

Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta, asanteni wakuu. Swali la kizembe kidogo: ile kona ya Hereditary kwenye simu haionekani kabisa, ni weusi tu. Tatizo ni simu au muvi ndivyo ilivyo?

dishi_limeyumba:

Tatizo ni kifaa na mipangilio yake, na si swali la kizembe hata kidogo. Nusu ya wanaosema "mbona haitishi" hawajaiona muvi.

Anza na ubora wa picha. Ukiangalia kwa kubana bando, programu inatupa kwanza taarifa za sehemu za kiza kwa sababu inadhani hakuna atakayeziona. Weusi unageuka vipande vya mraba vinavyochezacheza, na mama wa watu kwenye kona ameenda na maji. Kama mtandao ni wa kusuasua, pakua kwanza kwa ubora wa juu, ndipo uangalie.

Kwenye TV, zima kile kinachojirekebisha mwanga kulingana na chumba, na kile cha kuokoa umeme. Hivyo vinashusha mwanga wa kioo chumba kikiwa na kiza, na sini za gizani ndizo zinazoumia. Zima pia kile cha kulainisha mwendo. Kila kampuni imekipa jina lake. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV ikijitungia picha za kujazia katikati, mzuka unaonekana kama tamthilia ya mchana. Chagua mpangilio wa sinema. Usipandishe mwangaza ovyo: pau za juu na chini ya picha zibaki nyeusi tii, lakini bado uweze kutofautisha nywele nyeusi na shati jeusi. Zikianza kuwa kijivu, umezidisha. Taa ya nyuma yako zima, inajitazama kwenye kioo.

Sauti: spika ya simu haina besi ya maana, ule mvumo aliousema Fundi Masikio unaweza usiusikie, vaa hedifoni. TV yenye spika mbili tu iwekee stirio, usiiache kwenye mfumo wa spika sita, maneno ya wahusika yatamezwa. Kisha panga kiwango kwa mazungumzo ya dakika za mwanzo na USIGUSE rimoti tena. Ukipandisha kwenye minong'ono, kila mshtuko utakuwa kelele ya kuamsha majirani, na ukishusha baada ya hapo minong'ono imepotea.

bi_mwambao:

Mmezunguka wee, hakuna aliyeitaja Get Out (2017) ya Jordan Peele, na sisi wa lugha hii ndio tuna haki nayo kuliko wote.

Wimbo wa mwanzo, majina yakipita na miti ikikimbia dirishani, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Umetungwa na Michael Abels, na hiyo ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoitungia muziki. Ukumbini Marekani waliosikia ni minong'ono tu isiyo na maana. Sisi tunasikia mtu anaitwa ndugu, anaambiwa akimbie, ajiokoe. Chris, kijana mweusi anayekwenda kuwaona wazazi wa mpenzi wake mweupe, hajafika hata kwa wakwe. Tangu hapo hofu yetu si yao: wao wanajiuliza kuna nini katika nyumba hii, sisi tunajiuliza mbona hasikii.

Sini ya kikombe nayo itazame kwa makini. Mama mkwe anakoroga chai, kijiko kinakwaruza ukingo. Mlio wa kila nyumba. Umenaswa kwa karibu mno, kuliko sauti ya anayezungumza, na Chris (Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda) anatoa machozi huku uso umeganda. Hakuna mzuka pale.

TAHADHARI, mwisho: Chris yuko barabarani usiku ameinama juu ya msichana mweupe aliyejeruhiwa, na taa za gari, nyekundu na buluu, zinamulika. Hizo taa tu. Mtazamaji ameshajua zinamaanisha nini kwa kijana mweusi kabla mlango wa gari haujafunguka. Peele alikuwa amepiga mwisho ambao Chris anakamatwa, akauacha. Anayeshuka ni rafiki yake Rod, mlinzi wa uwanja wa ndege.

Na Us (2019), kwa ajili ya Lupita Nyong'o pekee. Anaigiza wawili, Adelaide na Red, na sauti ya Red inayokatikakatika aliijenga akianzia kwenye maradhi halisi ya misuli ya koo, jambo lililolalamikiwa na wenye maradhi hayo, naye akaomba radhi. Fumba macho usikilize anavyosimulia mbele ya meko, ndipo uyafumbue umtazame Adelaide. Mtu mmoja huyo.

popo_wa_pili:

Naongeza The Descent (2005) ya Neil Marshall, Uingereza. Wanawake sita pangoni. Kwa karibu nusu nzima hakuna kiumbe, kuna mwamba tu, na ile sini ya Sarah kukwama kwenye tundu ndiyo ngumu kuliko zote zinazofuata. Pango lilijengwa studio za Pinewood, mapango halisi yalionekana ya hatari mno. Mwanga mwingi unatoka kwenye vitu walivyobeba wahusika: taa za kofia, fataki za kuashiria, kioo cha kamera. Taa ikizima kwao, imezima na kwako.

Kagua nakala kabla ya kuanza. Iliyotolewa Marekani ilikatwa mwisho wake. Ikiishia kwa yowe ndani ya gari, umepewa iliyokatwa. Ya Uingereza inaendelea baada ya hapo.