Mjadala: Je, fedha za umma ziendelee kuunda vitambuzi vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya mawimbi marefu visivyohitaji baridi kali?

Mleta hoja: Darubini ya anga ya Spitzer ilirushwa mwaka 2003, na heliamu yake ya kimiminika, iliyokuwa ikiipoza, ilipokwisha mwezi Mei 2009, vitambuzi vyake vya mawimbi marefu havikufaa tena, zilibaki njia mbili tu, za mawimbi ya mikromita (sehemu za milioni za mita) 3.6 na 4.5, hadi mwaka 2020. Herschel, darubini nyingine ya anga, ilikoma mwaka 2013 kwa sababu hiyohiyo, na kioo chake cha mita 3.5 kikabaki bila kazi. Kwa hiyo natetea mchanganyiko wa zebaki, kadimiamu na teluriamu, ambao mtengenezaji akibadilisha kiasi cha kadimiamu huchagua mwenyewe kitambuzi kione hadi wimbi la urefu gani. NEO Surveyor, darubini ya anga ya kutafuta asteroidi, imeundiwa vitambuzi vya aina hiyo vinavyofika mikromita 10 katika kelvini 40 hivi (kama nyuzi 233 za selsiasi chini ya sifuri), joto likitoka lenyewe kwenda angani bila mtambo.

Mpinzani: Hoja ya heliamu imepitwa na wakati. Kifaa cha MIRI kwenye darubini ya James Webb kina vitambuzi vya silikoni yenye aseniki, huona hadi mikromita 28, na hupozwa chini ya kelvini 7 na mtambo unaozungusha heliamu ileile bila kuipoteza. Tena fizikia haiko upande wako: kwa mikromita 10, pengo la nishati, yaani nishati inayotakiwa kuiachilia elektroni, ni elektronivolti 0.124 tu, na kadiri wimbi linavyorefuka pengo huzidi kuwa dogo, hata joto la kitambuzi chenyewe likarusha elektroni na kuzaa mkondo pasipo mwanga wowote, uitwao mkondo wa giza. Ukilenga sayari hafifu iliyo kando ya nyota nyingine, mkondo huo ndio utakaoupima.

Mleta hoja: Kuhusu heliamu nakubali, nilipaswa kuanza na uzito. Mtambo wa kupoza hula umeme, huongeza kilo na huweza kuleta mtikisiko, mambo ambayo chombo kidogo hakiwezi kuyabeba. Mkondo wa giza nao hautokani na joto pekee: kasoro za fuwele huziachia elektroni zipenye pengo, na kasoro hizo hupunguzwa kwa ukuzaji bora wa fuwele, yaani kwa utafiti ninaouombea fedha. Tukifika mikromita 15 tutapata alama ya kaboni dioksaidi ya sayari hizo, ambayo angahewa letu humficha mtazamaji aliye ardhini. Kuanzia hapo hadi 28, silikoni haina mpinzani, nami siombi iachwe.