Shemeji anataka kumpeleka mwanangu nyumbani "akaombewe". Sheria ya Kanada inasemaje?

Mama Kifungua Mimba:
Habari zenu wanajamvi. Naandika kichwa kikiwa kizito, mtanisamehe.

Tuko Ontario. Kijana wangu ana miaka 16. Juzi juzi alitukalisha mimi na baba yake akasema anavutiwa na wavulana wenzake. Mimi nililia, kisha nikampakulia chakula. Baba yake mpaka leo kanyamaza. Tatizo ni kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye kwenye ukoo wao akisema imepita. Kapata mchungaji huko nyumbani mwenye kituo cha "kufungua" watu. Kijana anafungiwa humo, ananyang'anywa simu, anafunga na kuombewa mpaka wamwone kapona. Ada wanataka kwa dola. Mtoto ataambiwa anakwenda kumsalimia bibi.

Nasikia huku kuna sheria inayokataza haya mambo. Shemeji anasema ni ya humu humu Kanada, tukishapanda ndege haituhusu. Kweli? Na mimi nikisema neno, si nitaambiwa nimevunja ukoo?

Mzee wa Vifungu:
Pole sana dada. Shemeji yako kapotea njia. Muswada wa C-4 wa bunge la Kanada ulisainiwa Desemba 8, 2021 na sheria ikaanza kazi Januari 7, 2022. Kumfanya mtu apitie "tiba" ya kubadili mwelekeo wake wa kimapenzi ni jinai, kifungo mpaka miaka 5. Kuitangaza au kuvuna pesa kutokana nayo, mpaka miaka 2.

Sasa sikiliza hapa. Walijua watu watakimbilia nje, kwa hiyo waliweka kosa la peke yake: kufanya jambo lolote kwa lengo la kumtoa mtoto wa chini ya miaka 18 nje ya Kanada ili akafanyiwe hayo huko. Nalo ni mpaka miaka 5. "Jambo lolote", dada. Anayekata tiketi akijua safari ni ya nini hawezi kusema yeye alikuwa mlipaji tu. Na baba mzazi hana msamaha wa pekee.

Muswada uliotangulia, C-6, uliwalinda watoto, na watu wazima wasioridhia tu. Ukafa bunge lilipovunjwa 2021 kwa uchaguzi. C-4 ukarudi mkali zaidi, mtu mzima naye hata akikubali mwenyewe bado ni kosa kumfanyia, na bungeni ukapita bila hata mbunge mmoja kuupinga. Wabunge wa chama cha Wahafidhina wakiwemo!

Mtumishi Asiyechoka:
Sheria za wazungu hizo. Yaani mzazi kumwombea mwanawe imekuwa uhalifu? Dada, usimwogope mwanadamu.

Mzee wa Vifungu:
Mtumishi, kuomba hakujakatazwa. Baba akimwambia mwanawe "mimi imani yangu hairuhusu", hilo ni neno lake, hakuna askari atakayekuja. Kijana akitaka kukaa na mshauri ajielewe, bila mshauri kuwa na jibu mfukoni, nayo ruksa. Kinachokamatwa ni huduma au zoezi lililopangwa ili kumbadilisha. Kumfungia mtoto kwa njaa bara jingine, tena kwa ada, unaliita ombi?

Nipo Berlin:
Huku Ujerumani wamekataza tangu 2020 kwa walio chini ya miaka 18. Malta walitangulia Ulaya, 2016. Ufaransa ni 2022.

Mtumishi, hata waliokuwa wakiifanya kwa jina la Yesu walichoka. Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani la kuwabadilisha watu kama kijana huyu, lilikuwa kubwa kuliko yote ya aina hiyo, likafungwa 2013, na kiongozi wake Alan Chambers akawaomba radhi waliopitia mikononi mwake.

Kimya Kingi:
Huwa nasoma tu, leo naandika. Mimi nilipelekwa. Nilikuwa na miaka 17, nikaambiwa tunakwenda msibani. Kubadilika sikubadilika, nilijifunza kusema nimepona ili nitolewe. Mama yangu alijua safari ni ya nini akanyamaza. Tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu, basi. Na mama, huko nyumbani sheria inamfunga mtu kama mwanao. Mambo yakiharibika atamkimbilia nani?

Dada Mkubwa wa Scarborough:
Mama, tuache siasa. Pasi ya mtoto iko kwa nani? Ichukue leo, mpe mtu unayemwamini. Kisha piga simu ofisi ya pasi, waeleze una hofu mtoto atatolewa nchini, uombe jina lake liwekwe kwenye orodha yao ya tahadhari ili pasi nyingine isiombwe kimya kimya. Na kijana mwambie ukweli. Akishajua, hata uwanja wa ndege anaweza kumwambia ofisa kwamba anasafirishwa kwa uongo. Mume wako msomee alichoandika Mzee wa Vifungu, polepole, mkiwa wawili. Wanaume wengi hunyamaza kwa kuwa kaka zao wanasema kwa sauti.

Mama Kifungua Mimba:
Ahsanteni. Pasi ninayo, nimeipeleka kwa jirani. Mume wangu nimemsomea jana usiku. Kauliza mara mbili, "hata tiketi?" Nikamwambia hata tiketi. Asubuhi nimemsikia akimpigia kaka yake, wamezungumza kwa muda mrefu chumbani, mlango umefungwa. Shemeji kanitumia ujumbe eti tiketi zimeshalipwa na hazirudishwi. Nimemjibu bibi atafurahi kumwona yeye.