Dirisha linalotazama ziwa limefungwa kwa skrubu: nani anapima hewa ya vyumba vya kusubiri hapa Mwanza?

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku tatu nisiandike kwa jazba, na naomba uzi huu usiunganishwe na nyuzi za mafua wala za bei ya dawa, kwa sababu hoja yangu ni moja tu: jiji hili limekaa kando ya ziwa, upepo unavuma bure mchana kutwa, na bado tunafungiwa katika vyumba vya huduma tuvute pumzi ambazo wenzetu wamekwisha kuzitoa, wala hatumwoni mtu akija na kipimo mkononi kuangalia hali ikoje.

Jumatatu nilimpeleka mama katika kituo cha afya cha binafsi, ambacho sitakitaja. Chumba chake cha kusubiri kina ukubwa wa darasa dogo, dari la jipsamu limeshushwa kiasi kwamba mtu mrefu akinyoosha mkono analigusa, na ukuta wa upande wa ziwa una dirisha pana la aluminiamu la kusukuma ambalo fundi yeyote angejivunia. Nilihesabu watu 43, watoto wa mgongoni wakiwemo. Nyuma yetu alikaa baba mmoja mwenye kikohozi kile kizito cha majuma mengi, akijifunika kwa leso, na kila akimaliza kukohoa anaomba radhi kwa walio karibu naye. Simlaumu hata kidogo, kwani alikuwa mahali hasa anapotakiwa kuwa. Walioharibu ni wale waliomketisha humo.

Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu kwa miaka 16, na begi langu halikosi kipimo cha hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ile gesi tunayoitoa tukipumua. Nilikiwasha getini, penye upepo, kikasoma 424, yaani sehemu 424 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni moja za hewa, kiwango cha kawaida cha hewa ya nje siku hizi. Ndani, saa nne asubuhi, baada ya kukiacha kitulie dakika kumi juu ya benchi, kilisoma 2,310, na namba ilikuwa bado inapanda.

Kwa wasioizoea namba hiyo, naomba mnivumilie kidogo. Hewa ukaa kwa kiwango hicho si sumu ya kumwangusha mtu; ni shahidi tu. Pumzi inayotoka kinywani ina hewa ukaa karibu asilimia 4, sawa na 40,000 kwa milioni, hivyo chumba kinapojaa watu na hewa ya nje isiingie, namba hupanda, na kupanda kwake hueleza ni kiasi gani cha hewa ya chumba kimekwisha kupita kwenye mapafu ya watu. Ukitoa 424 katika 2,310 na kugawa kwa 40,000, unapata karibu sehemu moja ya ishirini. Maana yake ni kwamba katika kila pumzi ishirini alizovuta mama yangu pale, pumzi moja nzima ilikuwa imetoka kifuani mwa mtu mwingine, na mmoja wa watu hao ni yule baba wa kikohozi. Hili si jambo lililogunduliwa jana: Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa Munich huko Ujerumani, alipendekeza tangu mwaka 1858 kwamba chumba cha watu kisivuke 1,000 kwa milioni, na hadi leo mafundi wengi tunaichukua namba hiyo kama mstari wa tahadhari.

Niliinuka kufungua dirisha. Lilikataa. Nilipoinama nikaona skrubu tatu zimepigwa kwenye reli ya chini, vichwa vyake vimefunikwa na rangi ileile nyeupe ya ukutani, ishara kwamba tangu ukuta upakwe rangi mara ya mwisho dirisha hilo halijasogea hata inchi moja. Binti wa mapokezi akaniita kwa adabu kabisa.

"Baba, naomba usiguse dirisha. Kiyoyozi kipo, kinatuletea hewa safi."

"Binti yangu, kinaileta kutoka wapi?"

"Si hapo juu," akasema, akinionyesha lile sanduku jeupe ukutani.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na nakiri kwamba sehemu ya lawama inatuangukia sisi mafundi. Mashine ile ya masanduku mawili, moja ndani na jingine nje, haiingizi hewa yoyote kutoka nje. Kinachosafiri kati ya masanduku hayo ni gesi ya kupoozea, ndani ya mabomba membamba ya shaba. Hewa ya chumba hufyonzwa na sanduku la ndani, hupoozwa, kisha hurudishwa kwa watu walewale. Chujio lake hukamata vumbi na nywele, halikamati vimelea vinavyoelea hewani. Pangaboi nalo ni hivyohivyo: linakoroga hewa iliyomo, halileti nyingine. Nimefunga mashine hizi katika ofisi, kumbi na zahanati nyingi, na ni mara chache mno nimeulizwa na mteja hewa safi itaingilia wapi, na nakiri tena kwamba ni mara chache vilevile nimemwambia bila kuulizwa. Mteja anataka ubaridi, fundi anataka malipo yake, na skrubu ya dirishani inapigwa ili ubaridi usipotee na bili ya umeme isipande.

Mlinzi alinielewa kuliko wote. Aliufungua mlango wa nyuma unaotokea maegeshoni, akauzuia kwa tofali, na kwa kuwa mlango mkuu uko mkabala wake, upepo ukapita moja kwa moja. Dakika kumi na mbili baadaye kipimo kilisoma 1,160. Kisha akaja mama mmoja wa utawala, akauliza ni nani anayeuachia ubaridi, na mlango ukafungwa. Nilipoanza kumwonyesha namba, mama yangu akanishika mkono: "Mwanangu, tumekuja kutibiwa, hatukuja kugombana." Nikakaa. Tulipoitwa kwa daktari, saa sita kasorobo, namba ilikuwa 2,520.

Tanzania ilikuwemo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, ugonjwa ambao kila mwanafunzi anafundishwa kwamba huenea kwa njia ya hewa. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Miongozo ipo: mwaka 2009 shirika hilo lilitaka wodi za kawaida zinazotegemea hewa ya asili zipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na mwaka 2021 lilipendekeza angalau lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo mengine ya umma. Hayo si mambo ya kitajiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali za Lima, Peru, ulionyesha kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya chumba kwa wastani wa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vilivyotegemea mitambo ya kupuliza hewa vilikadiriwa mara 12. Na lililonigusa zaidi ni kwamba majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari refu na madirisha makubwa, yalifikia mara 40, wakati ya kisasa yaliishia mara 17. Pita mitaa ya katikati ya mji wetu uyatazame majengo ya zamani: dari liko juu kabisa, na karibu nalo kuna matundu ya hewa pande zote mbili. Waliojenga hawakuwa na kipimo cha mfukoni, ila walijua joto hupanda na hewa huhitaji pa kutokea. Sisi tumekuja na jipsamu, tumeziba matundu, tumeshusha dari, tumeuita usasa.

Hata dirisha lenyewe la kusukuma, hata lisipopigwa skrubu, hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Kisha ongeza wavu wa mbu uliojaa vumbi la mwaka mzima, na kinachobaki ni kidogo sana. Wavu uoshwe. Usiondolewe, mbu wa ziwani tunawajua.

Si zahanati peke yake. Mwezi uliopita nilikipeleka kipimo kwenye chumba cha twisheni anakosoma mwanangu, watoto zaidi ya 60 ndani ya fremu ya duka yenye mlango mmoja, nikakuta 3,400, na mwalimu akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wanasinzia. Kwenye basi la usiku la kwenda Dar es Salaam, madirisha hayafunguki na kiyoyozi kimewekwa kwenye kile kitufe chenye mshale unaojizungusha, yaani hewa ya ndani irudi ndani. Nilimwomba konda abonyeze kingine, akaniambia dereva hapendi. Daladala afadhali, vioo viko wazi na konda ananing'inia mlangoni. Kivuko cha Kamanga, ukikaa sitaha ya juu, hakina neno.

Najua majibu yatakayokuja. Vumbi, wezi, kelele, moshi wa mkaa wa mama lishe. Moshi na vumbi ni hoja ya kweli, na dirisha linalotazama jiko la mkaa au barabara ya vumbi si la kufunguliwa kwa pupa. Lakini dirisha ninalolizungumzia linatazama ziwa, ambako mchana kutwa upepo hutoka majini kuja nchi kavu bila kumdai mtu senti. Wezi wanazuiwa kwa nondo, na nondo hazizuii hewa. Kuna atakayesema namba ndogo ya hewa ukaa haithibitishi usalama, naye nitamkubalia kwa haraka: kipimo hiki hakioni moshi, wala hakioni kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la mkaa na jenereta inayoua watu usingizini, ambayo ina kipimo chake. Asiwepo mtu wa kufungia jiko ndani kwa sababu eti kipimo kama changu kimesoma vizuri.

Ninachotaka wahusika wanijibu ni hiki. Maafisa afya huingia katika hoteli na mabucha wakakagua vyoo, jokofu na vyeti vya afya vya wapishi, na hiyo ni kazi njema. Kwa nini ukaguzi wa jengo la watu 40 usijumuishe kukaa humo nusu saa, wakati limejaa, na kipimo mezani? Kabla mmiliki hajapewa kibali cha kuongeza dari la jipsamu, kwa nini asiulizwe matundu ya hewa yamehamia wapi? Na mwenye kituo anayetutoza fedha za kumwona daktari, kwa nini namba ya hewa ya chumba chake isibandikwe ukutani pale alipobandika bei za vipimo vya maabara?

Wenye vipimo hapa jukwaani, nawaomba msilete namba tupu. Andikeni saa, idadi ya watu, madirisha yalikuwaje, na mliisoma ngapi nje kabla ya kuingia, kwa sababu kipimo kisichosoma karibu na 420 penye hewa wazi kinahitaji kurekebishwa kwanza. Msitaje majina ya vituo. Taja aina ya mahali inatosha.

Mama anarudi kliniki Alhamisi saa mbili asubuhi. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi wa kituo, nikiomba skrubu tatu zing'olewe na mlango wa nyuma uachwe wazi saa za msongamano, na nimejitolea kuzing'oa mwenyewe bila malipo. Nakala ya barua nitaiweka hapa jioni hiyo, pamoja na jibu nitakalopewa.